Wete na Chake, Jumamosi Gombani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mechi ya Watani

Assalaam alaykum. Tangu Jumatatu simu yangu haijapoa. Wanaopiga ni wazee wa wanafunzi, ni wanafunzi wenyewe, ni vijana waliomaliza zamani ambao sasa wako Unguja na Dar es Salaam, na wote wanauliza mambo yale yale. Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Mechi hii baina yetu na skuli ya Chake Chake niliicheza nikiwa mwanafunzi na sasa naiandaa. Nimeyakusanya maswali yenu hapa na kuyajibu moja moja, ili nipate nafasi ya kuwafundisha vijana badala ya kushinda na simu sikioni.

Mechi ni lini, wapi, saa ngapi?

Jumamosi hii, uwanja wa Gombani, Chake Chake. Saa 8:30 mchana wasichana wetu wanacheza netiboli na wenzao wa Chake. Mpira wa miguu unaanza saa 10:00 alasiri.

Saa hiyo hatukuiokota tu. Mwezi huu Alasiri inaadhiniwa kwenye saa 9:30 hivi, kwa hiyo timu zote mbili zinasali kwanza, ndipo wachezaji wanaingia kupasha misuli moto. Vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko ya dakika 10 vinatufikisha saa 11:30. Hata tukipiga penalti, mechi itakuwa imeshakwisha kabla ya Magharibi. Kuna mwaka mechi ilichelewa kuanza, giza likatukuta bado tunacheza, na goli la mwisho mpaka leo watu wanabishana kama mpira uliingia au ulipita pembeni. Mara hii refa ameshaelezwa: saa kumi ni saa kumi.

Kwa nini dakika 40, si 45?

Wachezaji wetu wengi wana miaka 15 mpaka 17. Kanuni za mpira zinaruhusu muda upunguzwe kwa vijana, sharti vipindi viwe sawa. Walimu wa skuli mbili tumekubaliana hivyo na hakuna aliyelalamika, isipokuwa wachezaji wenyewe, ambao ukiwaacha watacheza mpaka alfajiri.

Hii "mechi ya watani" maana yake nini khasa?

Wete ni kaskazini ya Pemba na Chake ni kusini. Baina ya miji hii miwili hazifiki hata kilomita 40, na watu wake wameoana mpaka huwezi tena kuwatenganisha. Golikipa wetu ana mjomba Machomanne, kule Chake. Beki wao mmoja mama yake ni wa Jadida, na kila Idi anakuja Wete kula kwa bibi yake. Ndiyo maana tunaitana watani na si maadui. Mtani ni mtu unayeweza kumwambia neno zito usoni, halafu mkala sinia moja harusini.

Nasisitiza hapa kwa sababu kuna vijana wadogo wanaodhani utani ni chuki. Mimi nilipokuwa mchezaji, winga wao mmoja alinizunguka mara tatu katika kipindi kimoja, na uwanja mzima ukacheka. Miaka mingi baadaye tulikutana kwenye posa: yeye alikuja na upande wa mume, mimi nilikuwa upande wa mke. Kabla ya kuzungumza mahari alinikumbusha zile mara tatu. Wazee wote walicheka, na mazungumzo yakawa mepesi tangu pale.

Kwa nini kila mara mechi huchezwa Septemba?

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, serikali ilitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Tangu hapo mwezi huu umekuwa mwezi wa skuli, na skuli zinauadhimisha kwa michezo na maonyesho. Skuli zetu mbili zikaona ni mwezi unaofaa kukutana. Kuna na sababu nyengine ya kawaida kabisa: masika yamepita, vuli bado, uwanja mkavu.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye alianza kusoma mwaka ule ule wa 1964, huja kila mara kuitazama mechi hii. Haangalii sana mpira. Anapenda kuwaona watoto wakipita na sare zao.

Kwa nini Gombani, na si hapa Wete?

Ni zamu yao. Mwakani watakuja wao kwetu. Wanaosema kwamba Chake wanapewa upendeleo wakumbuke kwamba mara iliyopita wao walipanda gari kuja huku na sisi tulitembea kwa miguu kutoka nyumbani.

Na niseme kweli, mimi nafurahi kwamba ni Gombani. Ndio uwanja ambao Kombe la Mapinduzi la mwaka 2025 lilichezwa. Fainali ilikuwa tarehe 13 Januari, na Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, waliifunga Burkina Faso 2–1 pale pale. Vijana wangu wengi walikuwamo uwanjani siku ile, wengine wamekalia mabega ya kaka zao. Mtoto wa kidato cha tatu anapoingia uwanja ule ule na njumu zake mguuni, kifua kinampanuka.

Ugumu wake ni nyasi. Gombani ni nyasi bandia, na sisi tunafanya mazoezi kwenye udongo. Uwanja wa skuli yetu umelalia upande mmoja, na kwenye kona ya mashariki mzizi wa mwembe umetokeza juu. Kila mchezaji wetu anajua kuuruka hata akifungwa macho. Kwetu mpira hupunguza mwendo wenyewe. Gombani haupungui: ukiupiga pasi ya mita kumi kwa nguvu ulizozoea nyumbani, unamkimbia mwenzako na kutoka nje. Kwa hiyo wiki hii yote tumefanya jambo moja tu la ziada. Tumekwenda kwenye barabara ya lami inayopita nyuma ya skuli, alfajiri kabla ya magari, tukapigiana pasi fupi chini chini ili miguu izoee mpira unaokwenda mbio. Si sawa na nyasi bandia, lakini ni bora kuliko kukaa.

Juu ya viatu: njumu zenye meno mafupi ya plastiki ndizo zinazofaa. Meno marefu ya chuma hayatakubaliwa, yanaharibu uwanja na yanaharibu magoti. Mzee mwenye nia ya kumnunulia mwanawe viatu vipya kwa ajili ya Jumamosi namuomba asifanye hivyo. Kiatu kipya siku ya mechi ni malengelenge kipindi cha pili.

Timu yetu mara hii iko vipi?

Iko vizuri nyuma na katikati. Mbele bado nina wasiwasi, na nitaeleza.

Tunaanza na mabeki wanne. Wawili wa kati wamecheza pamoja tangu darasa la sita kwenye timu ya mtaa, na hawahitaji kuitana: mmoja akipanda, mwengine anabaki bila kuambiwa. Beki wa kulia ni mpya, kijana mwembamba wa kidato cha pili. Watu wengi wameniuliza kwa nini nimempa nafasi mtoto mdogo hivyo. Nimempa kwa sababu hapitwi na mtu mara mbili kwa njia moja. Ukimpita mara ya kwanza utamuona anasimama kidogo, anakutazama miguu, na mara ya pili yumo mbele yako.

Katikati tuna watatu, na kati yao yuko nahodha. Huyu ni mtoto wa mvuvi, na siku za bamvua kubwa huwa anachelewa mazoezini kwa sababu anamsaidia baba yake kuvuta dau. Nilikuwa namgombeza. Siku moja nikashuka bandarini nikamkuta maji yamemfika kifuani, kamba begani, na tangu siku ile sijamgombeza tena. Mapafu yale hayakutengenezwa na mazoezi yangu. Dakika ya 70, wenzake wakiwa wameshika viuno, yeye ndio kwanza anaomba mpira.

Mbele tuna winga wa kushoto mwenye kasi sana, namba tisa mwenye nguvu, na upande wa kulia bado sijaamua baina ya vijana wawili. Wasiwasi wangu ni umaliziaji. Katika mechi zetu za kujipima mwezi huu tumefika golini mara nyingi na kufunga kidogo. Namba tisa wetu anapenda kupiga kwa nguvu zote, na mpira wa nguvu zote mara nyingi hupaa. Kila jioni nimekuwa nikiweka ndoo mbili ndani ya goli, moja kila kona, na kumwambia aziangushe kwa pasi tu, asipige shuti. Jumatano aliangusha saba kati ya kumi, na nikarudi nyumbani na furaha.

Na Chake je?

Ni wazuri, na yeyote anayekwambia watafungwa kirahisi hajawaona. Nilikwenda kuwatazama wakicheza wiki mbili zilizopita, nimekaa jukwaani na daftari langu. Mwalimu wao aliniona akanipungia mkono, na baada ya mechi akaniletea dafu. Alijua nimefuata nini, na mimi nilijua atakuja kwetu wiki ya pili yake. Alikuja, nikampa urojo.

Wanacheza na washambuliaji wawili warefu. Kona zao ni hatari kuliko kitu chochote: mpigaji wao anaupinda mpira kuelekea nguzo ya karibu, mmoja anaugusa kwa kichwa, mwengine anausubiri nyuma. Katika mechi niliyoitazama walifunga hivyo mara mbili. Tena wamezoea Gombani, wanajua mpira unadunda vipi pale. Udhaifu wao ni kwamba mabeki wa pembeni wanapanda wote wawili kwa pamoja na wanachelewa kurudi.

Basi mechi itaamuliwa wapi?

Upande wetu wa kushoto. Beki wao wa kulia atapanda, hawezi kujizuia, ndiyo tabia yake, na nyuma yake patabaki uwanja mtupu. Winga wetu akipata mpira pale katika sekunde mbili za mwanzo, tunabaki wawili kwa wawili. Akichelewa kwa sababu anataka kumchezea mtu chenga kwanza, nafasi imekwenda. Nimemwambia hivyo mpaka mama yake amenisikia nyumbani kwao: mpira kwanza, chenga baadaye.

Na kona. Tusiwape kona za bure. Beki akibanwa autoe mpira nje kwa pembeni, urushwe, hata kama mashabiki watazomea.

Zikitoka sare?

Penalti moja kwa moja, tano tano. Hakuna dakika za nyongeza.

Watu hudhani penalti ni bahati. Mimi nakumbuka Disemba 2017, fainali ya Kombe la Chalenji, la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, huko Machakos. Zanzibar Heroes chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco" walitoka 2–2 na Kenya, nchi mwenyeji, kisha wakapoteza kwa penalti. Ile timu ilituweka mitaani usiku kucha, Unguja na Pemba, na tangu tulipolichukua kombe hilo mwaka 1995 hatukuwa tumekaribia vile. Baada ya siku ile nilijiambia kwamba timu yangu haitapiga penalti za mazoezi ikiwa na miguu mipya. Tunapiga mwisho kabisa, baada ya mbio zote, mate yamekauka, na wenzao wamejipanga nyuma ya goli wakipiga kelele. Orodha ya wapigaji watano ninayo mfukoni. Sitaibadilisha uwanjani.

Tumesikia kuna mamluki. Ni kweli?

Swali hili limeulizwa na watu wengi kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Kwa asiyelijua neno hili kwenye mpira wa skuli: mamluki ni mchezaji ambaye si mwanafunzi wa skuli anayoichezea. Pengine ameshamaliza, pengine anacheza ligi mtaani, anavishwa sare siku moja, anacheza, anaondoka. Ni ugonjwa wa zamani kwenye mashindano ya skuli, bara na visiwani.

Naujua kwa sababu niliwahi kushinda nao. Nilikuwa kidato cha tatu, beki wa kulia. Asubuhi ya mechi tulimkuta kwenye gari kijana tusiyemjua, ana ndevu, amevaa jezi namba 10. Hakuna aliyetuambia kitu na hakuna aliyeuliza. Alifunga magoli mawili mazuri sana. Tulirudi Wete tumepanda juu ya lori tunaimba. Jumatatu mwalimu akaingia darasani kuita majina, na mwenzetu aliyezoea kuvaa namba 10, ambaye alifanya mazoezi na sisi mwezi mzima na siku ile akawekwa nje, alikuwa amekaa dawati la nyuma hataki kutazamana na mtu. Muhula uliofuata aliacha mpira. Kila nikiyakumbuka yale magoli mawili, namkumbuka yeye, si aliyeyafunga.

Sasa mambo yako hivi. Kila skuli imetoa orodha ya wachezaji 18, ina picha, jina, kidato na namba ya usajili, imesainiwa na mwalimu mkuu na kupigwa muhuri. Orodha tulibadilishana tangu Jumatano. Siku ya mechi, kabla ya kupasha moto, mimi na mwalimu mwenzangu wa Chake tutasimama pamoja na kuwaita wachezaji mmoja mmoja, uso kwa picha. Zaidi ya hapo tumekubaliana jambo ambalo halikuwapo zamani: kila upande umemruhusu mwengine kuja skuli siku yoyote kutazama daftari la mahudhurio. Mwenzangu amekuja Alkhamisi. Amefungua daftari, amepitia majina kwa kidole, akafunga akaomba chai.

Timu itakayokutwa na mamluki haichezi. Na tukibaki chini ya wachezaji saba, kwa kanuni za mpira mechi haianzi. Wanaopiga simu kunishauri "tumtie fulani, ni kijana wetu, alimaliza mwaka juzi tu" jibu langu ni hapana, na nawaomba wasimpigie mwalimu mkuu pia. Kiti kimoja kwenye timu hii ni cha mtoto aliyekitolea jasho tangu Julai. Si changu wala si chenu kukigawa.

Na uganga?

Wapo wanaoleta. Kuna aliyenifuata nyumbani na kichupa, akataka nikimwage golini kwao usiku. Nilimrudisha na kichupa chake. Vijana wangu wanasoma dua kabla ya kuingia uwanjani, na hilo linatosha. Ubaya wa mambo yale ni kwamba golikipa akifungwa anaamini amerogwa, na aliyerogwa hajirekebishi.

Mwanangu ana mtihani wa kidato cha nne Novemba. Hii mechi haitamvuruga?

Wasiwasi wako ni wa haki, mzazi. Nina watahiniwa watano kwenye timu. Wiki hii wamefanya mazoezi saa moja na robo tu kwa siku, na wote wamehudhuria masomo ya jioni. Nilimuondoa mmoja mwezi uliopita kwa sababu alianza kukimbia kipindi cha hesabu, na amerudi baada ya mwalimu wake wa hesabu kuniandikia karatasi kwamba mambo yake yako sawa. Baada ya Jumamosi hao watano sitawaona tena uwanjani mpaka wamalize mitihani.

Kuna mtu wa kuwatazama wachezaji wakiumia?

Yupo muuguzi, na gari moja haitaondoka pembeni mwa uwanja. Hospitali ya Chake haiko mbali.

Jambo moja nataka wazee walijue mapema ili tusigombane. Mchezaji akigongwa kichwa, kisha akalalamika kichwa kinauma, au akatapika, au nikamuuliza matokeo yakoje akashindwa kunijibu, anatoka na harudi siku hiyo. Hata akilia. Hata akiwa nahodha na zimebaki dakika tano. Ubongo wa kijana ukitikisika mara ya pili kabla haujapoa ni hatari kubwa, na hakuna kombe linalolipa hilo.

Juu ya joto: tutasimama kunywa maji katikati ya kila kipindi. Mapumziko tunatoa machungwa yaliyokatwa, na maji yenye ndimu, sukari na chumvi kidogo. Tafadhali msiwape wachezaji soda kupitia kwenye wavu. Kila mara hutokea, na kila mara kuna mmoja anayeshikwa na tumbo.

Kiingilio?

Bure kwa wanafunzi waliovaa sare. Wengine watachangia kidogo getini, na fedha zinagawanywa nusu kwa nusu kununulia mipira. Mpira wa mechi tumenunua mpya, saizi 5. Niliujaza mwenyewe juzi usiku, nikauacha ulale, asubuhi nikaubonyeza kwa vidole gumba kuona kama umepoteza upepo. Haukupoteza.

Kuna chakula?

Gombani siku ya mechi hakuna mtu anayekufa njaa. Kachori, bajia, mishikaki, muhogo wa kukaanga, juisi ya miwa, malai za watoto. Halua mnunue hapa Wete kabla ya kuondoka. Hilo halina mjadala.

Wanawake na wasichana watakaa wapi?

Jukwaa la upande wa kivuli limetengwa kwa ajili ya wanafunzi wa kike na akina mama, na walimu wa kike watakuwapo. Nawasihi mje mapema, mje saa 8:30 na si saa 10. Timu ya netiboli imefanya mazoezi sawa na wavulana, na mara iliyopita ilicheza mbele ya viti vitupu. Mpigaji wetu wa magoli ni mrefu, ana mkono mtulivu ajabu: anausimamisha mpira juu ya paji la uso, anavuta pumzi, na hapo pumzi zenu nyote zinasimama pamoja na yake. Njooni mumuone.

Tunaruhusiwa kushangilia vipi?

Ngoma, tarumbeta, vigelegele, nyimbo za kuwatania Chake, vyote ruksa. Imbeni kwamba hawajui kupika, imbeni kwamba mji wao una milima mno, wao wenyewe wanajua.

Tusi la mama haliruhusiwi, wala kumtaja mtoto kwa kilema au kwa hali ya nyumbani kwao. Refa pia asitukanwe. Ni kijana wa hapa hapa Pemba anayejifunza kazi, na Jumapili anakutana na nyinyi sokoni. Mtu mzima atakayemtukana mchezaji wa Chake nitamfuata mimi mwenyewe jukwaani, mechi ikiendelea. Wale ni watoto wa watu, wana miaka 16.

Watakuja watu wa timu kubwa kutafuta wachezaji?

Huenda. Kila mzazi anamtaja Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Zanzibar akaenda Yanga mwaka 2018, na Ibrahim Hamad "Bacca", aliyetoka KMKM. Ni mifano mizuri, na njia ipo. Lakini oneni walikopitia: ligi ya Zanzibar kwanza, msimu baada ya msimu, ndipo bara. Mtu akikufuata Jumamosi baada ya mechi akakwambia atamchukua mwanao Dar wiki ijayo, mwambie aje skuli Jumatatu azungumze na mwalimu mkuu. Mwenye nia njema atakuja.

Mwanangu hakuwamo kwenye orodha ya 18. Kwa nini?

Vijana 41 walijitokeza Julai. Sina jibu litakalomtuliza mzazi, na wala silitafuti. Nimezungumza na kila mmoja wao peke yake kabla orodha haijabandikwa mlango wa ofisi, na nimemwambia nini afanye ili mwakani awemo. Muulize, atakueleza. Na wote 41 wanapanda gari Jumamosi.

Wewe mwalimu unatabiri nini?

Chake watatangulia kufunga, kwa kona, kabla ya mapumziko. Sisi tutasawazisha kipindi cha pili kupitia kushoto, na goli la ushindi litakuja mwishoni, wakati nahodha wetu bado anakimbia na wao wamechoka. 2–1, Wete. Mwalimu mwenzangu ameniambia 3–1, Chake. Tumewekeana dafu.

Gari za kwenda na kurudi?

Gari tatu za wanafunzi zinaondoka skuli saa 6:30 mchana. Majina yataitwa mlangoni, na kila gari ina walimu wawili. Wazee watumie daladala za Chake, zipo nyingi mchana, lakini jioni hupungua haraka, kwa hiyo msibaki Gombani kubishana. Gari zetu zinaondoka uwanjani mara tu baada ya kusali Magharibi. Mnaowapokea watoto mje skuli saa 2:00 usiku, na aliyeazima ngoma ya skuli airudishe usiku huo huo.